JE, KAMBA NI YA WAOGA?

Vijana wengi siku hizi hupenda kupanda milima, na jambo hilo ni jema, maana mlima humfundisha mtu subira. Lakini yako maneno yasemwayo miongoni mwao ambayo hayafai kupita bila kujibiwa. Wasema ya kwamba mahali pa kukwea kwa mikono na miguu, pasipokuwa na ukuta kamili wa jabali, kamba ni mzigo tu, na aichukuaye ni mwoga.

Asili ya maneno hayo twaijua. Mtu hufika kilele cha Kibo, meta 5,895, au Lenana katika Mlima Kenya, meta 4,985, kwa njia za kawaida, wala hakufunga fundo hata moja. Arudipo hudhani amekwisha kuijua milima yote. Lakini karibu na Kibo yasimama Mawenzi, meta 5,149, mfupi kuliko nduguye, na mawe yake ni mabovu, hung'oka mkononi. Urefu wa mlima si kipimo cha ukali wake.

Hoja yao ya kwanza ni uzito. Kamba nyembamba ya nailoni, urefu wa meta 30, haizidi kilo 2. Tena wabebaji ni zaidi ya mmoja, wapokezane. Akiba haiozi.

Hoja ya pili ni ushujaa. Mwaka 1943 Waitalia watatu, wafungwa wa vita, Felice Benuzzi na wenziwe wawili, walitoroka kambini Nanyuki ili waupande Mlima Kenya. Hawakuwa na duka wala fedha, nao walijitengenezea kamba kwa mkonge wa vitanda vyao. Kilele cha Batian kiliwashinda. Wawili wao wakafika Lenana. Kisha wote watatu wakarudi hai, wakaingia kambini kwa hiari yao. Nani atawaita waoga? Basi, ikiwa watu walionyimwa kila kitu waliona kamba ni ya lazima, sisi tuwezao kuinunua tuna udhuru gani?

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nasi hatutaificha. Wasema kamba yenyewe huua, kwa kuwa mmoja akiteleza huwavuta wenziwe. Ni kweli. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia. Walipokuwa wakishuka, hali wamefungwa kamba moja, kijana asiye mzoefu aliteleza akamwangusha aliyemtangulia, na hao wakawavuta wawili waliowafuata. Kamba ikakatika. Wanne wakafa, na mmoja wao alikuwa padre, Charles Hudson. Na kamba ile iliyokatika ilikuwa dhaifu kuliko zote walizochukua.

Je, habari hiyo yatuambia tuiache kamba nyumbani? Sivyo. Yatuambia kwamba kamba si hirizi. Mtu ajifungaye kiunoni bila kujua fundo, wala mahali pa kuishikiza kwenye mwamba imara, wala namna mwenzake wa juu atakavyomzuia, hana tofauti na yule avaaye hirizi shingoni kisha akaingia mtoni penye mamba. Kosa la kuiacha kamba kwa kiburi na kosa la kuichukua kwa ujinga ni watoto wa mama mmoja.

Basi shauri hili likatwe chini, kabla ya safari, maana jabalini hakuna duka. Wala swali lisiwe, "Je, naweza kupanda hapa?" Mpanda ngazi hushuka. Apandaye huliona jiwe mbele ya macho yake. Ashukaye hulitafuta kwa unyayo asipoona. Swali liwe hili: "Aliye dhaifu kuliko sote ataweza kushuka hapa mvua ikinyesha?" Ikiwa jibu ni hapana, au hatujui, kamba iende, na ajuaye kuitumia aende nayo. Ikiwa hakuna ajuaye, safari na ivunjwe.

Neno la mwisho ni kwenu mnaoongoza vijana. Mtu akihatarisha roho yake mwenyewe, hesabu ni yake. Lakini aongozaye watoto wa wenziwe amekabidhiwa amana. Wazazi wao hawatauliza kama walifika kileleni; watauliza kama wamerudi wote.