Saratani ya Matiti: Kipimo Kitangulie Dawa

Mwanamke wa Voi, Wundanyi au Taveta anapogundua uvimbe katika titi, hakosi wa kumwambia kwamba amerogwa, wala wa kumwambia kwamba saratani zote ni moja na mwisho wake ni kaburi. Kauli zote mbili ni za upotofu, na walimu wetu wana uwezo wa kuzisahihisha.

Ifahamike kwamba juu ya utando wa seli mna vipokezi, ambavyo hupokea amri ya kukua na kugawanyika. Tuvifananishe na kengele ya shule: ikilia kwa wakati wake, masomo huenda sawa. Kimojawapo hutengenezwa kwa maagizo ya jeni iitwayo HER2. Seli yenye afya ina nakala mbili za jeni hiyo. Katika takriban saratani moja kati ya kila tano za matiti, nakala huongezeka kupita kiasi, vipokezi vikajaa, na kengele ikalia pasipo mpigaji. Seli hugawanyika mfululizo na uvimbe ukakua upesi. Aghalabu hali hii hairithiwi, bali huzuka katika seli za titi lenyewe. Si uchawi, wala si aibu ya ukoo.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa wenye nakala nyingi za jeni hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 1998 ikaidhinishwa huko dawa ya trastuzumabu, ambayo hukishika kipokezi hicho na kukinyamazisha.

Hapa Kenya, mwaka 2025 Serikali ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche ya kushusha gharama ya dawa hiyo kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila awamu, zilipwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, haimfai kitu mgonjwa asiyejua aina ya saratani yake, kwa kuwa dawa hii huwafaa wenye HER2 iliyozidi.

Kwa hiyo twaihimiza Kaunti ya Taita Taveta ihakikishe kwamba kila kipande cha uvimbe wa saratani ya titi kinapimwa HER2, na majibu yanamfikia mgonjwa mapema. Nanyi walimu na wanafunzi, yapelekeni nyumbani mnayojifunza darasani. Mficha maradhi kifo humuumbua.