Tajeni Adui Kabla ya Kutuma Wanajeshi

Vikao vya wakuu wa majeshi kuhusu Kongo (DRC) vimetosha. Februari 8, 2025, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) walikutana Dar es Salaam, mji wa Goma mashariki mwa Kongo ukiwa tayari mikononi mwa waasi wa M23, wakawapa wakuu wao wa majeshi siku 5 wakutane na kuelekeza namna ya kusimamisha vita. Hiyo ni kazi iliyopaswa kukamilika kabla mwanajeshi wa kwanza hajapanda ndege mwaka 2022.

Tukumbushane. Novemba 2022 Bunge liliidhinisha wanajeshi wa Kenya wapatao 900 waende Kongo katika kikosi cha EAC, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 4. Kinshasa ilitarajia wapigane na M23. Waliowatuma walitaka wasimamie kuondoka kwa waasi na kulinda maeneo yaliyoachwa. Jeshi moja likapewa kazi mbili. Wakazi wa Goma wakaandamana wakisema wageni hawa hawapigani, Kongo ikakataa kuongeza muda, na Desemba 2023 vijana wetu wakafunga virago. SADC ikaingia na wanajeshi wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Goma ikaanguka vilevile.

Swali ambalo halikujibiwa tangu mwanzo ni hili: adui ni nani? Kongo na Rwanda zote ni wanachama wa EAC. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kadhaa kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, Kigali inakanusha. Majenerali watachora mpango gani wa pamoja hapo? Kila aliyeketi mezani analijua swali hilo, na kila taarifa ya pamoja inalizunguka.

Huku Ogembo, Gusii, mayowe yakipigwa usiku, watu hawaitishi kikao. Walishakubaliana mchana nani anaziba kivuko cha mtoni na nani anakimbia kwa chifu. Na anayeshukiwa kuwaficha wezi hajibanzi kwenye mkutano wa ulinzi kama mjumbe. Anajibu kwanza.

EAC ilitia saini Itifaki ya Ushirikiano wa Ulinzi mwaka 2012, ikaahidi mkataba wa kulindana. Miaka zaidi ya 10 imepita na bado tunasikia habari za mazungumzo.

Gusii inajua nani hulipa wakubwa wasipojipanga. Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii baada ya maafisa wa Kiingereza kuuacha. Wakapigana na askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza, kisha wakarudi walikotoka. Wenyeji waliopora mji ulioachwa ndio walioadhibiwa: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Baadaye wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi katika vita ambavyo hawakuulizwa.

Leo vijana wanaenda kwa hiari, na hilo linaongeza deni letu kwao. Siku ya usajili wa jeshi la Kenya (KDF) wanajipanga tangu alfajiri, bahasha za vyeti mkononi. Wanakimbizwa, wanapimwa kimo, wanafunguliwa mdomo meno yahesabiwe. Kijana anarudishwa nyumbani kwa kasoro ndogo tu. Mbona mpango wa kumpeleka vitani haukaguliwi hata nusu ya hapo?

Kifungu cha 240 cha Katiba kinataka Bunge liidhinishe kabla ya majeshi kutumwa nje ya nchi. Kwa hiyo tunasema na wabunge wa Kisii na Nyamira. Hoja kama ile ya 2022 ikiletwa tena, itisheni karatasi yenye jina la adui, jina la kamanda, anayelipa na siku ya kurudi, ikiwa na saini ya nchi inayowapokea wanajeshi wetu. Mkiambiwa karatasi itafuata baadaye, pigeni kura ya hapana.