Viboko 24 na Askari wa Pwani

Wanachama wengi wa pwani hii, tangu Kaole mpaka Mlingotini na Mapinga, wanasema kuwa dawa ya uhalifu ni moja tu: adhabu ziongezwe. Mwizi wa simu achapwe. Mvuvi wa baruti afungwe maisha. Mla rushwa anyongwe. Tumeyasikia maneno haya katika mikutano ya matawi, na twajua hasira hiyo inakotoka. Walakini sisi wa gazeti hili hatukubaliani nayo, na leo twataka kueleza sababu zetu bila ya kuficha neno.

Sababu ya kwanza ni kwamba nchi hii imekwisha kuijaribu dawa hiyo, tena zaidi ya mara moja. Wadachi walipokaa Bagamoyo walitundika kamba ya kunyongea watu, na mahali penyewe wageni wanaonyeshwa hata leo. Kiboko chao kilikuwa na hesabu yake, hamsa wa ishirini, na wazee waliitia hesabu hiyo katika lugha yetu kwa sababu waliisikia migongoni mwao. Je, watu walinyamaza? Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka 1905 ikazuka Maji Maji.

Akaja Mwingereza. Naye akaendelea na viboko, ingawa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa lilimwambia mara kwa mara katika miaka ya 1950 kuwa jambo hilo liondolewe Tanganyika. Wakati ule ule mahakama zilitumika kuwaziba watu midomo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Sisi tunaoandika magazeti ya Chama hatuwezi kusahau kuwa sheria ya jinai si kitu cha wezi peke yao.

Basi mtu angetazamia kuwa baada ya Uhuru viboko vingekwisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini. Mtu aliyepatikana na hatia ya makosa yaliyotajwa humo, kama vile kuvunja nyumba usiku, kuiba mali ya umma, kuiba ng'ombe au kula rushwa, ilikuwa lazima afungwe miaka isiyopungua miwili na kupigwa viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani, na kumi na viwili siku ya kutoka, ili, ati, akamwonyeshe mkewe. Nia ilikuwa njema. Taifa lilikuwa changa, mali ya umma ilikuwa haba, na viongozi waliogopa kuwa kila kilichojengwa kitaibwa. Lakini hakimu alifungwa mikono. Mlango mdogo uliachwa kwa mkosaji wa mara ya kwanza ambaye mali aliyoiba haikuzidi shilingi 100, nao ulikuwa mwembamba sana.

Sheria ile ilibadilishwa mwaka 1972 na viboko vyake vikaondolewa, kisha vikarudishwa mwaka 1989. Tumekuwa kama mtu anayesogeza kitanda kila usiku kwa kuwa paa linavuja, wala hapandi kulitazama paa lenyewe.

Hebu tutazame sheria ilivyo. Kijana anayemtolea mwenzake kisu na kumnyang'anya simu ametenda unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu yake ni miaka isiyopungua 30. Genge lenye bunduki linalovamia benki nalo huanzia miaka hiyo hiyo 30. Mkabala wa hayo, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ilipotungwa iliweka kwa mtoa au mpokea rushwa faini kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu mpaka mitano, au vyote viwili. Mwenye fedha alilipa, akapanda gari, akaenda zake. Kijana wa kisu anaingia gerezani na miaka 20, anatoka na miaka 50, hana mke, hana ngalawa, hana aliyemzoea. Hatusemi aachiwe. Aliyetolewa kisu naye ni mwananchi, na hofu yake haiishi upesi. Twasema tu kuwa hakimu aliyemsikiliza, akamwona machoni, akajua kama ni mara ya kwanza au ya nne, ndiye apewe kupima. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema neno la namna hiyo Novemba 2019 katika shauri lililoletwa na wafungwa wa nchi yetu: kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo, bila ya nafasi ya kupima hali ya mkosaji na kosa lake, kunavunja haki ya kuishi.

Adhabu nyingine zipo. Tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayomruhusu mtu mwenye kifungo kisichozidi miaka mitatu kufanya kazi ya umma badala ya kukaa gerezani. Mwaka 2016 mawaziri wawili wa zamani walifagia hospitali ya Sinza, Dar es Salaam, kwa sheria hiyo hiyo. Watu walicheka. Sisi hatukucheka, maana tuliuliza swali moja: je, mvuna mikoko wa Mlingotini naye anaambiwa kuwa sheria hii ipo?

Tuje sasa kwa baruti, jambo linaloiumiza Mbegani kuliko simu zote zilizoibwa.

Kila mvuvi wa hapa mwenye umri wa kutosha anaujua ule mlio: kishindo kimoja kizito chini ya maji, kisha kimya. Tasi na changu wanaelea, wengine wanazama chini na kuoza, na tumbawe ambalo lilichukua miaka mingi kukua limegeuka kokoto. Uvuvi huu ulikatazwa tangu mwaka 1970. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikaweka kifungo kisichopungua miaka mitano. Basi wataalamu walipopita pwani yote mwaka 2015 na vyombo vya kusikilizia chini ya maji, walihesabu milipuko 318, na karibu 62 katika kila 100 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Bagamoyo na Mbegani zimo ndani ya kilomita hizo 80. Miaka mitano ya jela ilikuwa imeandikwa kitabuni kwa miaka kumi na miwili, na bado bahari ililia.

Kwa nini? Kwa kuwa mpigaji baruti hakuogopa miaka mitano. Aliijua njia. Alijua nani ana boti ya doria na lini haina mafuta. Alijua kuwa akikamatwa na samaki tu, bila ya utambi mkononi, askari atashindwa kuthibitisha mahakamani samaki wale walikufaje. Na aliyemuuzia baruti hakuwa mvuvi. Alikuwa mtu wa nchi kavu, mwenye njia ya kuipata kutoka machimbo ya mawe au migodini, na hakuna aliyekwenda kumgongea mlango.

Kisha ikatokea jambo ambalo wapenda viboko walitafakari. Kuanzia mwaka 2015 na 2016 polisi, maofisa uvuvi, waendesha mashitaka na watu wa usalama waliwekwa katika kikosi kazi kimoja. Wakaanza kuwafuata wauzaji, wala si wapigaji peke yao. Katika miaka michache milipuko ikapungua mno. Adhabu ya mwaka 2003 haikuwa imeongezwa hata siku moja ili kuanzisha kazi hiyo. Kilichobadilika ni kwamba mkosaji alianza kuamini kuwa atakamatwa.

Hapa ndipo twafika kwa askari mwenyewe, maana hakimu mwenye hekima zote za dunia hukumu yake hutegemea jalada aliloletewa.

Watu wa kwanza kuvaa sare ya serikali katika pwani hii hawakuwa watu wa pwani hii. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alishuka Bagamoyo na mamia ya askari Wasudani aliowaandika Misri, pamoja na wengine aliowaleta kutoka Msumbiji. Aliwachagua makusudi. Hawakuwa na mjomba Kaole wala shemeji Dunda, basi wakiamriwa kupiga watapiga. Waingereza nao, kwao London walikuwa na polisi wa mtaani asiye na bunduki tangu mwaka 1829, lakini katika makoloni walifuata mfano wa polisi waliyemweka Ireland, polisi wa kambini, mwenye silaha, wa kutuliza fujo. Mbegu hiyo ndiyo tuliyoirithi. Hata jina letu bado ni Jeshi la Polisi. Serikali ya Uhuru ikawapa Waafrika vyeo, na baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 ikawaruhusu askari kuingia katika Chama. Kisha mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 wakakatazwa tena kuwa wanachama wa chama chochote. Twasema kuwa katazo hilo ni la haki, ingawa baadhi ya ndugu zetu huona tumepoteza kitu. Askari anayemlinda mwananchi kwa kadi yake si askari.

Jinsi askari anavyoingia kazini ni jambo zito kuliko gwaride. Tazameni jirani zetu wa Kenya. Julai 2014 waliandika vijana 10,000 kwa siku moja nchi nzima. Malalamiko ya rushwa yakazidi, na Mamlaka Huru ya Usimamizi wa Polisi ikaipeleka serikali mahakamani. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kijana aliyeuza ng'ombe wa babaye ili apewe sare atataka kumnunua tena yule ng'ombe, na atamnunua kwa fedha za nani? Za mwenye bodaboda na muuza dagaa.

Kwetu hapa matangazo ya ajira huuliza umri, vyeti na urefu wa mtu. Hayaulizi majirani zake wanamjua kwa lipi. Yafaa majina ya waombaji yabandikwe katika ofisi za kata na vijiji, na wananchi wapewe siku za kusema wanachokijua, kama inavyofanywa kwa orodha ya wapiga kura.

Mafunzo nayo. Askari akitoka Moshi anajua kusimama wima, na hilo si baya. Twataka ajue pia kulinda mahali palipotendeka kosa, kuandika maelezo ya shahidi bila ya kumtisha, na kutafuta ushahidi badala ya kungojea mtuhumiwa akiri. Maana asipojua hayo, atatumia ngumi. Na penye ngumi, jalada huanguka mahakamani na mkosaji wa kweli hutoka. Au hutokea makubwa zaidi. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi mmoja waliuawa msitu wa Pande, kaskazini ya Dar es Salaam. Ikasemwa kuwa ni majambazi waliorushiana risasi na polisi. Tume ya Jaji Kipenka ikaona kuwa sivyo. Polisi wakashitakiwa, Mahakama Kuu ikawaachia mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao. Miaka kumi, watu wanne wamekufa. Jamaa zao walingoja muda wote huo, na kila askari mwema wa nchi hii alitembea na aibu ambayo hakuitenda.

Mwaka 2023 Rais aliunda Tume ya kuangalia haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ilipendekeza mabadiliko makubwa katika polisi. Twaomba wanachama wasiichukue taarifa ile kuwa ni jambo la wanasheria. Isomwe matawini.

Kwa upande wa pwani yetu tunayo maombi matatu, nayo hayahitaji fedha za kutisha. Hapo Mbegani kipo chuo cha uvuvi, ambacho ni sehemu ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Walimu wake wanajua kumfungua samaki na kuonyesha uti uliovunjika na damu iliyovilia ndani kwa kishindo cha baruti. Askari wa Bagamoyo na waendesha mashitaka wa wilaya wapelekwe pale wiki mbili kila mwaka, wakajifunze kuusema ushahidi huo mbele ya hakimu. Pili, wabunge wetu wapeleke Bungeni hoja ya kuigawa miaka ile 30, ili kisu cha simu na bunduki ya benki visikae katika mstari mmoja, na hakimu arudishiwe kazi yake. Tatu, kiundwe chombo huru cha kupokea malalamiko juu ya polisi peke yake. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora tunayo tangu mwaka 2001, lakini imebebeshwa malalamiko ya ofisi zote za nchi.

Makatibu wa matawi ya Mbegani, Mlingotini na Kaole wanaombwa kuyaweka mambo haya katika ajenda ya mkutano ujao, na kuwaalika wavuvi wenyewe, pamoja na mkuu wa kituo cha polisi, waje kusema.