Seva Ituambie Kosa Letu

Januari nilienda saiba kujaza fomu ya basari. Nikabonyeza "tuma", kigurudumu kikazunguka weee, kisha ukurasa mweupe pe! Hakuna neno. Nikadhani fomu imefika. Kumbe nilikuwa nimekosea tarehe ya kuzaliwa, na muda ukapita. Mama akauza mbuzi nisome.

Wahenga walinena kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Je, nitaachaje kurudia kosa nisiloambiwa?

Kwa maoni yangu, seva ikipokea ombi bovu isinyamaze, wala isibahatishe maana. Mwaka wa 1980 Jon Postel aliandika kwamba programu iwe na uangalifu katika kutuma na ukarimu katika kupokea. Lakini ukarimu ukizidi ni hatari: seva mbili zikisoma ombi moja kwa namna mbili, mhalifu hupenyeza lake katikati.

Namba ya kujibu ipo: 400, yaani ombi bovu. Itolewe, na kando yake iandikwe, "Tarehe imekosewa." Basi! Mwalimu akitia alama ya X bila kusahihisha, tutajifunza nini?