Faini au Kufukuzwa? Istilahi za Blokcheini na Maslahi ya Wakaazi wa Kibera na Kawangware

Mjadala wa tarakilishi na kompyuta umewachosha wengi, na baadhi yetu wamehitimisha kuwa kuunda istilahi za teknolojia ni kupoteza wakati: mtumiaji atachagua neno alipendalo. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Yapo maneno ambayo yakitafsiriwa ovyo humtia mtu hasarani, na mfano ulio karibu nasi ni wa blokcheini, yaani daftari la miamala linalotunzwa na mashine nyingi kwa pamoja, pasi na mwenyewe mmoja.

Huenda msomaji akauliza: hayo yanawahusuje watu wa Kibera na Kawangware? Yamewahusu tangu zamani. Baada ya Bangla-Pesa kuanzishwa Mombasa mwaka 2013, shirika la Grassroots Economics lilieneza vocha za karatasi za aina hiyo Nairobi: Gatina-Pesa huko Kawangware na Lindi-Pesa huko Kibera. Kuanzia 2018 vocha za shirika hilo zilihamishiwa kwenye blokcheini, na mtandao wa Sarafu ukatumiwa hata kwa simu za kawaida zisizo na intaneti. Katika mtaa wa Soweto West, Kibera, mradi wa AfriBit Africa nao umewalipa vijana wazoao taka kwa bitcoin. Watu hawa wameliamini daftari ambalo watunzaji wake hawawajui, na ambalo aghalabu huelezwa kwa Kiingereza.

Tuchukue Ethereum, ambayo tangu Septemba 2022 hulindwa na wathibitishaji walioweka amana. Mashine inayopokea na kukagua daftari huitwa nodi. Yeyote anaweza kuwa nayo nyumbani bila kuweka amana. Mthibitishaji ni zaidi ya hapo: huweka rehani angalau ETH 32 na kutoa ushahidi wa mara kwa mara kuhusu kurasa mpya za daftari. Nodi husikiliza, mthibitishaji hushuhudia. Ni dhahiri kuwa ETH 32 ni mali nyingi kuliko uwezo wa wapangaji wengi wa Kawangware. Lakini anayeweka akiba yake katika daftari ana haki ya kujua mashahidi wake huadhibiwaje, na kijana anayetaka kuwasha nodi ana haki ya kuelekezwa kwa lugha aielewayo.

Umeme ukipotea, kama ulivyopotea katika sehemu kubwa ya Kenya tarehe 25 Agosti 2023, au intaneti ikizorota, kama ilivyozorota Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nodi huachwa nyuma. Ikirudi, sharti kwanza ijipatie kurasa zilizoipita. Wanafunzi husema “inasinki”. Programu za simu husema “inasawazisha”. Lakini kusawazisha ni kulinganisha pande mbili, ilhali hapa upande mmoja tu ndio unaokimbia kuufikia mwingine. Kiswahili kina kitenzi kudiriki, kuwahi jambo kabla halijapita. Kina pia masbuku, mtu aliyeikuta sala ya jamaa imeanza: huungana na imamu pale alipofika, kisha hukamilisha rakaa zilizompita. Nodi ya leo nayo yaweza kuanzia kwenye alama ya karibuni iliyokwisha kuthibitishwa, ikafikia ukurasa wa sasa, kisha ikajaza za nyuma. Napendekeza basi tuseme: nodi inadiriki. Na maadamu haijadiriki, mthibitishaji wake hawezi kushuhudia, kwa kuwa hajui daftari limefika wapi.

Hapa ndipo hatari ilipo. Mthibitishaji asiyeshuhudia hupunguziwa amana kidogo, kwa kiasi kinachokaribiana na kile ambacho angepata. Saa chache za giza hufidiwa kwa takriban saa hizo hizo za kazi, mradi wengi wengine wapo kazini. Wakikosekana zaidi ya thuluthi moja, makato huongezeka. Adhabu ya pili ni nzito mno: ufunguo mmoja ukitia saini shahidi mbili zinazopingana, sehemu ya amana hunyang’anywa na mthibitishaji hutolewa kabisa. Tukiziita zote mbili “kukatwa”, mtu ataogopa saa moja ya giza kama aogopavyo kufilisika. Ataunakili ufunguo wake kwenye mashine ya pili ili asikose zamu. Ya kwanza itakapozinduka, zote mbili zitashuhudia, na hapo ndipo atakapoangamia kwa kukimbia hasara ndogo.

Vyama vyetu vya akiba vinaijua tofauti hii. Mwanachama akikosa mkutano hutozwa faini. Akighushi daftari hufukuzwa. Kwa nini basi tusiseme faini na kufukuzwa? Mwenye maneno hayo mawili ataelewa upesi kwamba busara ni betri ya akiba kwa mashine na ruta pia, na subira nodi inapodiriki. Ataelewa vilevile kuwa ufunguo hauhamishwi kabla ya kufutwa kwenye mashine ya zamani na kumbukumbu za saini zake kuchukuliwa pamoja nao.

Wapo watakaosema kudiriki ni neno la wazee na masbuku ni la msikitini. Hoja hiyo ina uzito, lakini faini ni neno la Kawangware nzima, na neno la wazee hufufuka likipewa kazi. Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hautoshi ikiwa lugha itaishia kwenye hotuba. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viketi na wenzao wa sayansi ya kompyuta, viandae orodha fupi ya istilahi, kisha viipeleke Gatina na Lindi na kuwauliza wanachama wa vyama vya akiba wameelewa nini. Istilahi itakayowakanganya na itupwe, hata kama imebuniwa na profesa.