Ulimi wa mtoto ukiteleza, msimfanye kichekesho

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ralph Kiner, mtangazaji wa besiboli nchini Marekani, alijikwaa ulimi kwa miaka zaidi ya 50 na mashabiki wakazidi kumpenda.

Kabla ya kushika kipaza sauti alikuwa mchezaji hodari. Kila msimu kuanzia 1946 hadi 1952 aliongoza ligi yake, peke yake au kwa kulingana na mwingine, kwa kupiga mipira inayovuka uzio wa uwanja. Timu ya New York Mets ilipoanza mwaka 1962, akawa mtangazaji wake.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Siku ya Akina Baba, aliwatakia baba wote heri ya siku ya kuzaliwa. Mchezaji Gary Carter alimwita Gary Cooper, ambaye ni mwigizaji wa filamu. Hata jina lake mwenyewe aliwahi kulikosea! Watu walicheka pamoja naye.

Kwa mtoto mdogo, kicheko huweza kuuma. Anayeomba “masaki” akitaka samaki hana tatizo la akili. Ubongo wake bado unajifunza kupanga sauti, na akichoka au akiwa na haraka, sauti hubadilishana nafasi. Kati ya miaka miwili na mitano, wengi pia hurudiarudia silabi.

Kosa ni kumwambia, “Hebu sema tena, mjomba asikie,” sebule nzima ikaangua kicheko. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuamua kunyamaza. Mjibu tu kwa neno sahihi: “Unataka samaki? Haya, samaki huyu hapa.” Usimkatize wala kummalizia sentensi.

Mpeleke kwa mtaalamu ikiwa ametimiza miaka miwili na haunganishi maneno mawili, kigugumizi kimezidi miezi sita, au anakunja uso na kukwepa kuongea. Masikio nayo yapimwe, kwani asiyesikia vizuri hutamka vibaya.

Yapo pia maneno yasiyo ya kuchekesha. Uzeeni, Kiner alipooza mshipa wa fahamu wa uso, ugonjwa uitwao Bell's palsy, na matamshi yake yakawa mazito. Hata hivyo aliendelea kutangaza baadhi ya mechi hadi 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki akiwa na miaka 91.

Babu au bibi akichanganya majina ya wajukuu kama kawaida yake, chekeni naye. Lakini maneno yakiwa mazito ghafla, mdomo ukapinda au mkono mmoja ukakosa nguvu, huenda ni kiharusi. Msijaribu kubahatisha kama ni uso tu uliopooza. Hiyo ni kazi ya daktari. Msimkande wala kusubiri kukuche. Mwahisheni hospitali saa hiyohiyo, na mkumbuke muda dalili zilipoanza, maana daktari atauliza.