Goti la mchezaji: radio peke yake haitoshi

Tarehe 4 Desemba 2016, Yannick Bolasie wa Leopards aliumia goti akiichezea Everton dhidi ya Manchester United. Ligamenti ya mbele ya goti ilikatika. Alikosa Kombe la Afrika la 2017 kule Gabon, na alirudi uwanjani mwishoni mwa Desemba 2017. Klabu yenye pesa ilikuwa nyuma yake. Kijana anayeanguka kwenye uwanja wa vumbi wa Goma, Bukavu ao Butembo mara nyingi anapigwa radio tu, anaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, na kisha wiki chache anacheza tena.

Hatari inaanzia hapo. Radio inaonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Goti lisilo na ligamenti hiyo linateleza, na kila linapoteleza linaweza kupasua meniski, ile mito midogo iliyo kati ya mifupa. Jeraha moja linazaa la pili.

IRM, mashine ya sumaku kali, inaonyesha ligamenti yenyewe. Picha isipokuwa wazi, daktari anapima: kwa upande, mfupa wa chini ya goti umesogea mbele kiasi gani ukilinganishwa na mfupa wa paja? Milimita 7 ao zaidi ni dalili nzito kwamba ligamenti imekatika. Kinyume chake si kweli. Mgonjwa amelala kwenye mashine, hakuna anayevuta mguu wake, kwa hiyo milimita 3 hazithibitishi kwamba goti ni zima. Ligamenti iliyokatika nusu inasumbua hata macho yaliyozoea.

Lakini mashine hizo ni chache sana nchini, na wagonjwa wa Kivu wenye uwezo huvuka mpaka kutafuta vipimo. Njia ya ndege kutoka Goma kwenda Kinshasa ilikatika Januari 2025, uwanja ulipofungwa wakati M23 ilipouteka mji. Kumwambia mtoto wa muuza makala aende kufanya IRM ni sawa na kumwambia abaki nyumbani.

Kuna kipimo kisichoomba umeme: mikono. Daktari anakunja goti digrii 20 hadi 30, anashika paja kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anavuta mguu mbele. Kisha anafanya vilevile kwa goti zima. Goti la jeraha likisogea zaidi, na lisisimame kwa nguvu mwishoni, ligamenti inashukiwa sana. Kipimo hicho kinaitwa Lachman, na kwa mikono iliyozoea hakiko mbali na mashine. Taabu yake ni siku za kwanza: goti limejaa damu, misuli imekaza, na daktari anaweza kudanganyika. Ni lazima mgonjwa arudi kupimwa kisha siku kadhaa, hata kama radio ni safi.

Na radio yenyewe isomwe vizuri. Mnamo 1879, daktari Mfaransa Paul Segond alieleza kipande kidogo cha mfupa kinachong'oka pembeni ya nje, chini kidogo ya goti. Ni kidogo, rahisi kupita bila kuonekana, lakini kikionekana, mara nyingi ligamenti ya mbele imekatika pia. Mgonjwa wa namna hiyo, na yule ambaye mikono haikutoa jibu ao anayetayarishwa kupasuliwa, ndio wenye haki ya kwanza ya pesa za IRM.